Kuingia Mbugani Kabla ya Chai

Nilipowaambia akina mama wa kikundi chetu kwamba mwaka huu twende mbuga ya Meru kuwaona wanyama wakubwa, walicheka mpaka Kaari akaweka kikombe chake chini asije akajimwagia.

"Mama Njuki," akaniambia, "tulipe kiingilio tukawaone ndovu? Hao si ndio walikula mtama wetu bure miaka yote? Wao ndio wanafaa kutulipa sisi."

Hata mimi nilicheka. Kaari ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana kule chini karibu na mto Tana, kabla ya sisi wawili kuolewa huku Ishiara, na mzaha wake haujawahi kuniudhi. Lakini sikuketi. Katika kikundi chetu mtu akibaki amesimama anajulikana bado ana neno, na neno langu nilikuwa nalo tangu Desemba.

Sisi ni akina mama ishirini wa kanisa moja. Kila mwaka tunafunga safari moja ya kutembea, na kwa miaka mitatu tulikuwa tumeamua ni safari ya kuona wanyama, kwa sababu wajukuu wetu wanarudi kutoka safari za shule wakituuliza kama tumewahi kuona simba, na sisi tunanyamaza. Mwaka wa kwanza tulienda mahali pa karibu. Hatukuona kitu ila swala. Tukasema pale ni pabaya, tukaenda mbali kidogo. Tukaona nyani langoni, na nyani hata kwetu wapo. Mwaka wa tatu tukaenda mbali zaidi, mahali sitapataja kwa sababu hapakuwa na kosa lolote, na huko tukaona mgongo mweusi kwenye nyasi. Nusu yetu walisema ni nyati. Nusu walisema ni jiwe.

Ndiyo maana siku hiyo mwenyekiti wetu, Mwalimu Marcella, alikuja na pendekezo lake. Marcella alifundisha miaka thelathini kabla ya kustaafu na bado anaongea akiwatazama watu wa nyuma.

"Tumezunguka vya kutosha," alisema. "Tuache haya mambo ya wanyama. Tununue hema na viti vya plastiki tukodishe kwa harusi na mazishi. Viti tutaviona kila siku."

Wawira, katibu wetu, msichana aliyeolewa juzi tu, akainua simu yake. Alikuwa na picha za Maasai Mara, nyumbu wakivuka mto hadi maji hayaonekani. "Mwalimu, twende huku mara moja tu," akasema. "Huku kila mtu huona."

"Huko ni siku nzima ya barabara, kwenda tu," Marcella akasema. "Na mgongo wangu ni mmoja."

Hapo ndipo niliposimama nikataja Meru, wakacheka. Walipomaliza nikawaambia polepole, maana mimi si mtu wa haraka, "Shida yetu haikuwa mbuga. Shida ni sisi. Hebu nikumbusheni mwaka jana tulifika langoni saa ngapi."

"Saa tatu," Wawira akasema. Yeye huandika kila kitu.

"Halafu tukafanya nini?"

Wakaanza kutajiana. Tulishuka tukaomba. Tukaimba wimbo mmoja, tukaongeza wa pili kwa sababu askari wa mbuga waliupenda. Mwalimu akatutambulisha, kila mama akasimama akasema jina na mahali anapotoka na jinsi alivyookoka. Askari naye akasema lake. Mwalimu akatoa shukrani kwa niaba ya kikundi. Tukanywa chai na nduma. Tukapiga picha chini ya kibao, tukarudia picha kwa sababu Kaari alikuwa amefumba macho.

"Niliingiwa na vumbi," Kaari akasema.

"Tuliingia saa tano na nusu," nikasema. "Jua liko kichwani. Na ilikuwa Desemba, mvua imetoka kunyesha juzi, nyasi zimefika dirisha la basi. Maji yako kila bonde, kwa hivyo mnyama hana sababu ya kuja mahali ulipo. Mimi kama ningekuwa ndovu saa hiyo ningekuwa msituni nimesimama kivulini, na nyinyi mngepita hapo mkiimba."

Marcella alivua miwani yake. "Celina, unataka kusema maombi ndiyo yamekuwa yakifukuza wanyama?"

Jina langu la kanisa Marcella hulitumia akiwa amekasirika.

"Hapana, Mwalimu. Nasema Mungu tukimwomba ndani ya basi, basi likienda, anasikia. Ndovu hatungoji. Ndovu hata hajui tunakuja."

Wakacheka tena, lakini safari hii kwa upande wangu.

Nikawaeleza ninavyotaka. Mbuga ya Meru, kwa sababu ina vijito vingi na mtu anajua maji yako wapi. Mwezi wa tisa, kabla ya mvua, wakati nyasi zimelala na mabonde ya nje yamekauka. Na langoni tuwe pale likifunguliwa, saa kumi na mbili asubuhi.

"Mwezi wa tisa tunalima," mama mmoja akasema.

"Siku mbili shamba halitahama," nikamjibu.

Marcella alivaa miwani yake tena. "Sawa. Tufuate mpango wako, saa zako na mwezi wako. Lakini tusipowaona wanyama wakubwa, ni viti. Na wewe ndiye utasimama kanisani Jumapili utangaze viti."

Nikakubali. Kaari alinivuta leso nikae, akaninong'oneza, "Bado unamtafuta tu yule." Yeye peke yake pale alijua.

Nitasema sasa ni nani. Mimi nimeishi na ndovu, na hadi siku ile sikuwa nimewahi kumwona ndovu. Hilo watu wa mjini hawalielewi. Nilipokuwa msichana, kule karibu na Kiambere kabla ya bwawa kujengwa, kazi yangu ya mchana ilikuwa kukaa juu ya ulingo katikati ya mtama na kombeo mkononi, nikifukuza ndege. Ndege niliwajua mmoja mmoja. Lakini ndovu walikuja usiku, na usiku mama na watoto walifungiwa nyumbani wakapiga madebe, na wanaume ndio walitoka na moto. Nilisikia matawi yakivunjika. Nilisikia tumbo likinguruma kama mtu anasukuma pipa. Asubuhi niliona nyayo, na katika unyayo mmoja ningeweza kukaa.

Mwaka wa tatu wa Uhuru nilikuwa darasa la tatu. Baba alikuwa na mtama mzuri mwaka huo, wa kula na wa kuuza tulipe karo, mimi na kaka yangu. Wiki moja kabla ya kuvuna walikuja. Tulipotoka asubuhi shamba lilikuwa kama uwanja wa ngoma. Baba alizunguka lote, akarudi akakaa, akasema mmoja wetu atabaki nyumbani. Hakusema ni nani, na hakukuwa na haja. Nilirudisha kitabu cha kusoma kwa mwalimu nikapanda ulingoni, na huko nikabaki.

Sikumlaumu baba, na kaka yangu alisoma akatusaidia sote. Lakini huwezi kuachishwa shule na mtu usiyemjua sura. Nilitaka kumwona. Si kwa picha. Nilitaka asimame mchana, mimi nimtazame. Halafu bwawa likajengwa, watu wakawa wengi, ndovu wakaacha kupita. Sasa nina miaka zaidi ya sitini, goti moja limeanza kukataa ngazi za basi, na wanangu wakiwa na nafasi ya kunipeleka mahali ni hospitali. Kikundi kikinunua viti, mimi safari yangu imekwisha. Kwa hivyo sikuchagua ile mbuga kwa mchezo.

Sasa, huwezi kutoka Ishiara ukafika Murera, lango la mbuga, alfajiri. Ilibidi tulale karibu. Binti yangu Njoki, mdogo wake Njuki, ameolewa Kangeta, na mume wake Elphas ni mkulima wa miraa mwenye nyumba kubwa na moyo mkubwa. Alisema wote ishirini tuje. Lakini kwetu mama hawezi kulala katika nyumba ya mume wa binti yake. Ni aibu yenye heshima ndani yake, na sikutaka kuivunja kwa ajili ya ndovu.

"Kwa hivyo sisi tutalala kwa mkweo," Kaari akasema, "na wewe aliyetuleta utalala juu ya mti wa miraa?"

Nililala kwa jirani, mama mjane anayeitwa Kathambi, ambaye alinikamulia maziwa na hakuniuliza maswali. Asubuhi, giza bado, nikalikuta basi barabarani na Elphas amesimama pembeni na taa. Alinisalimu vizuri sana akiwa anatazama gurudumu. Nami nikamjibu nikitazama gurudumu lile lile. Akina mama ndani ya basi walikuwa wanakufa kwa kicheko.

Marcella aliomba tukiteremka kutoka Maua. Aliomba vizuri na kwa ufupi, akashika kiti kwenye kona, akasema amina. Nilianza kufikiri nimeshinda.

Tulifika langoni kukiwa na mwanga wa kwanza. Askari aliyekuwa aingie nasi anaitwa Kathuri, mwanaume wa makamo mwenye sweta ya kijani. Alifungua lango, akaja mlangoni mwa basi akasema karibuni. Na hapo, sijui ni miguu tu ya mazoea, akina mama wote wakasimama. Mmoja akashuka, wa pili akashuka. Wawira alikuwa ameshafungua chupa ya chai, mvuke unatoka. Marcella alishuka, akanyoosha leso yake, akasafisha koo.

"Kwa niaba ya kikundi," akaanza, "ningependa kwanza nitambulishe—"

Nilishuka na goti langu, polepole kama ninavyoshuka, nikaenda nikasimama karibu naye. Sikutaka kumwaibisha mbele ya mgeni.

"Mwalimu," nikamwambia chini kwa chini, "huyu tutamshukuru tukitoka. Tutamshukuru mpaka achoke."

"Si adabu, Mama Njuki. Mtu akikupokea unamwambia wewe ni nani."

"Ni kweli. Lakini jua linapanda."

Alitazama juu. Kule mashariki mstari mwekundu ulikuwa umeshaanza kuwa mweupe. Kisha akanitazama mimi, na nafikiri aliona usoni mwangu kitu ambacho sikuwa nimekisema kwenye mkutano, kwa sababu hakuniuliza tena. Akamgeukia Kathuri akasema, "Sisi ni akina mama kutoka Mbeere. Hayo mengine baadaye." Akapiga makofi mawili ya mwalimu. "Ndani. Wawira, funga hiyo chupa."

Hilo ndilo jambo gumu zaidi nililowahi kumwona Marcella akifanya, na sijalisahau.

Kathuri alikaa mbele na dereva akatugeukia. "Mngependa kuona nini?"

Wakasema simba. Wakasema twiga, nyati, kifaru. Mmoja akasema chui, wakamwambia aache tamaa. Kathuri akatabasamu kama mtu aliyezoea.

"Mzee," nikamwuliza, "kijito gani hapa bado kina maji ya kutosha kundi? Na jana jioni mliona mavi mabichi ya ndovu wapi?"

Akaacha kutabasamu. "Mama, umewahi kufanya kazi hii?"

"Nimeifanya kutoka upande ule mwingine."

Alifikiri kidogo, akamwelekeza dereva kushoto. Tulienda kama nusu saa kwenye barabara ya vumbi jekundu, tukapita twiga watatu ambao hawakusogea, na akina mama wakashika midomo wasipige kelele, kwa sababu nilikuwa nimewaambia. Wengine walianza kusema imetosha, tumeona wanyama wakubwa, viti hakuna. Lakini mimi sikuwa nimekuja kwa shingo ya twiga.

Basi lilisimama mahali penye mikoma mirefu, ile jamii ya mitende, na kijito chini yake, maji membamba yanang'aa. Kathuri alimwambia dereva azime injini. Tukangoja.

Kungoja ni kazi, na si watu wote wanaijua. Dakika kumi zikapita. Akina mama wakaanza kujigeuzageuza. Ishirini zikapita. Tumbo la mtu likalia, mwingine akaomba msamaha kwa niaba yake. Kaari akaniegemea.

"Mimi nimeanza kuona viti," akanong'ona. "Vya bluu."

"Nyamaza."

Gari dogo la watalii likapita, dereva wake akasimama kando ya letu akamwambia Kathuri kuna simba mbele, kilomita nne, wako wazi kabisa barabarani. Basi lote lilisikia. Wawira akageuka nyuma, macho makubwa, simu tayari mkononi.

"Cucu, tafadhali," akaniambia. Hutumia cucu, yaani nyanya, akitaka kitu, kama mjukuu wangu mwenyewe. "Simba wako pale. Hapa hakuna kitu. Wajukuu wenu wanawauliza simba, si ndovu."

Alikuwa anasema kweli, na hilo lilikuwa gumu. Kama simba wangeondoka na ndovu wasije, ningekuwa nimewanyima watu kumi na tisa kitu walichokijia. Marcella alikuwa ananitazama tu, akingoja kama mimi ninavyongoja.

Nilitazama kule ng'ambo ya kijito. Upepo ulikuwa unatoka kule kuja kwetu. Kwenye mikoma ya mbali, karibu na ukingo wa msitu, niliona yangeyange sita weupe wameruka, wakazunguka, wakatua tena mbele kidogo. Wakaruka tena, wakatua mbele kidogo. Ndege anayekimbia hatari huruka akaenda zake. Ndege anayeruka akatua mbele, akaruka akatua mbele, anafuata kitu kinachotembea na kumwinulia wadudu.

"Dakika tano," nikasema. "Kisha mnipeleke popote mnapotaka."

Mimi nilidhani nitawasikia kwanza. Maisha yangu yote ndovu alikuwa ni sauti. Lakini walitoka bila sauti yoyote, kama mlima umeamua kusogea. Majani yakafunguka na yule wa kwanza akawa amesimama pale, mzima, mchana, vumbi jekundu mgongoni na yangeyange mmoja juu yake. Nyuma yake wengine, nikahesabu kumi na wanne, na mtoto mmoja kati ya miguu ambaye alikuwa hajui bado mkonga ni wa nini.

Wawira alisahau simu kwenye mapaja.

Walishuka kwenye maji. Yule wa mbele, mama yao, hakunywa. Alibaki ukingoni akitugeukia, masikio wazi, na akanitazama. Najua alitazama basi. Lakini mimi nilikuwa dirishani, na kati yangu na yeye hakukuwa na kitu. Jicho lake lilikuwa dogo kuliko nilivyofikiri, na kope ndefu, na chini ya jicho ngozi imekunjamana kama ya mtu aliyelea wengi. Sikio moja lilikuwa limechanika pembeni. Mguu wake alipousogeza aliushusha taratibu, kwa uangalifu, kama mama anayepita karibu na mtoto aliyelala.

Kaari alinishika mkono. Hakukuwa na mzaha usoni mwake, lakini hawezi kujizuia. "Muulize kama anaukumbuka mtama," akanong'ona.

"Huyu ni mdogo," nikasema. "Labda ni nyanya yake."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Kwa miaka mingi nilikuwa nimetengeneza maneno ya kumwambia, kwa Kimbeere, maneno makali, na mengine ya kuchekesha. Yalipofika wakati wake sikuyahitaji. Nilimtazama tu vile mtu anatazama mlima uliozuia njia yake: siku zote nilidhani niliachishwa shule na kitu kinachonyata usiku, mwizi, kitu cha kuonea aibu. Sasa niliona ukubwa wake. Nilimwona akimsukuma mtoto kwa mkonga aingie majini, akimsubiri, akitazama huku na huku kabla ya kunywa yeye mwenyewe. Alikuwa na nyumba kubwa ya kulisha na njia ya kwenda majini, na sisi tulikuwa tumelima juu ya njia hiyo. Baba yangu alishindwa na huyu. Mtu yeyote angeshindwa na huyu. Kitu kilichokuwa kimenikaza hapa kifuani tangu darasa la tatu kikalegea, na nikagundua kwamba nilikuwa nimekizoea kiasi cha kudhani ni sehemu ya mwili.

Walikunywa mpaka jua likafika juu ya mikoma. Marcella alikuwa amekuja akasimama katikati ya viti, karibu nami, mkono mmoja begani kwangu. Yule mama ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka majini. Alipanda ukingo, akazunguka nyuma ya kundi lake kuhakikisha hakuna aliyebaki, akaingia kwenye majani. Majani yakafunga.

Hapo ndipo basi lilipolipuka kwa maneno, kila mtu anasimulia kile ambacho wote tumekiona. Kathuri alisema mwaka mzima hajaona kundi limekaa vile muda wote ule. Dereva akawasha injini. Wawira alinigeukia, shavu lina unyevu.

"Cucu, twende wapi sasa? Wewe sema. Tutaenda unaposema."

Wote waligeuka wakingoja niseme. Nilivuta leso yangu mabegani nikaegemea kiti.

"Chagua wewe," nikamwambia. "Mimi niliyekuja kumwona nimemwona."